Ng'ombe wa Sebuleni

Jumapili moja, baada ya kanisa, rafiki yangu aliketi kwenye kiti chake cha siku zote sebuleni kwangu Kibagabaga, hapa Kigali, akasikiliza rumba moja mpaka ikaisha, halafu akatikisa kichwa.

"Ng'ombe yangu imepunguza maziwa," akasema. "Hebu pandisha kidogo."

Nikapandisha. Ng'ombe mwenyewe ni amplifaya. Ni dude jeusi la chuma lenye vioo viwili vya bluu mbele, na ndani ya vioo hivyo kuna mishale inayocheza kufuata muziki. Ubavuni lina mapezi ya chuma ya kutolea joto, na ukiliacha limewaka mchana kutwa unaweza kuanikia soksi juu yake. Nimewahi kufanya hivyo, mke wangu akanisema wiki nzima. Uzito wake usiulize. Kulinyanyua peke yako ni kujitafutia maradhi ya mgongo. Lina umri mkubwa kuliko ndoa yangu, na ndoa yangu imeshapita miaka ishirini na mitano.

Sasa amplifaya iligeukaje kuwa ng'ombe? Ngoja nieleze, maana bila hilo hutaelewa kwa nini nilihangaika mwaka mzima juu ya kitu ambacho mtu mwingine angekiuza asubuhi na kununua kingine jioni.

Tulipofika Kigali, mimi na rafiki yangu tulikuwa vijana tusio na mbele wala nyuma. Mimi nilikulia Karagwe, yeye alikulia Uganda, wote Wanyarwanda, watoto wa wakimbizi, ambao Kinyarwanda chetu kiliwavunja mbavu wenyeji. Tulikutana kazini, kwenye ghala moja, na lugha tuliyokutania ilikuwa Kiswahili: changu cha shule ya Tanzania, chake cha kuokoteza njiani. Tukapanga chumba kimoja Remera. Siku moja mgeni fulani aliyekuwa anarudi kwao akauza vyombo vya nyumbani, na rafiki yangu akaenda kununua jokofu. Akarudi na amplifaya.

Nilifoka. "Tutakula nyaya? Nyama tutaihifadhi wapi, kwenye haya mapezi?"

"Weye subiri kwanza usikie," akasema.

Nilinuna siku tatu. Siku ya nne akaazima spika za kanisani, akaliwasha dude lake, akaweka kaseti. Nikasikia vidole vya mpiga gitaa vikiteleza kwenye nyuzi. Si gitaa tu, vidole vyenyewe! Nikaacha kununa, na baada ya miezi michache mimi mwenyewe nikanunua spika mbili kubwa za mbao. Kwa hiyo mashine ilikuwa yake, spika zangu, na chumba chetu wote.

Halafu nikapata mchumba. Harusi zetu huku zina saa yake ya ng'ombe: marafiki wanasimama mmoja mmoja mbele ya watu na kutangaza, "Nampa ng'ombe," na watu wanapiga makofi. Ng'ombe wengine wako kweli, wanakula majani huko Mashariki. Wengine wanafika baadaye kwa namna nyingine. Rafiki yangu hakuwa na ng'ombe wala mahali pa kumfunga. Akasimama na suti yake ya kuazima.

"Mimi sina ng'ombe ya miguu," akasema. "Lakini huyu anaoa, anahama na spika zake. Spika bila mashine ni kabati. Na mimi nikibaki na mashine bila spika, nibaki na nini? Basi nampa ng'ombe yangu nyeusi."

Watu walicheka mpaka wakakohoa. Kesho yake asubuhi akaileta juu ya pikapu, imefunikwa shuka lake la kitandani, na tangu siku hiyo hakuna aliyeiita amplifaya nyumbani kwangu.

Ng'ombe wa kupewa ana masharti yake, na hayo hata mimi wa Karagwe niliyajua. Humuuzi kimya kimya. Akiugua, aliyekupa anaambiwa. Akifa, yeye ndiye wa kwanza kujua. Na aliyekupa ana ruhusa ya kuja kumtazama ng'ombe wakati wowote, wala hahitaji kualikwa. Rafiki yangu aliitumia ruhusa hiyo kila Jumapili. Kwanza alikuja kapera, kisha akaja na mke wake, kisha na watoto, na miaka hii ya karibuni, baada ya mke wake kufariki na watoto kutawanyika na kazi zao, akawa anakuja peke yake. Anafika, anagonga juu ya ile mashine kwa vidole viwili, anauliza, "Iko salama?" halafu anakaa.

Alikuwa na tabia moja tu iliyonipandisha mori. Wimbo ukikolea alikuwa anaimba chini kwa chini, na hakuwa anaimba ndani ya wimbo bali pembeni yake, kama mtu anayetembea kando ya barabara. Nilikuwa natamani kumrushia mto wa kochi. Nashukuru tabia hiyo ilimwisha yenyewe. Sikumbuki ni lini hasa, ila nilikuja kugundua kwamba sijamsikia akiimba muda mrefu, nikanyamaza nisije nikamkumbusha.

Basi, huyo ndiye aliyesema ng'ombe amepunguza maziwa. Na alikuwa na haki ya kusema, maana kati yetu wawili yeye ndiye mwenye sikio. Kwa miaka mingi alisimamia vyombo vya sauti kanisani kwao, na watu walikuwa wanamwita kwenye harusi zao aje asikilize tu, aseme spika ziwekwe wapi. Akiingia ukumbini anajua waya gani umelegea kabla hajaonyeshwa. Mimi nimesikia muziki kwa kumwamini yeye.

Jumapili iliyofuata akasema tena pandisha. Na iliyofuata tena. Kitasa cha sauti ambacho zamani kilikuwa kinaelekea dirishani sasa kikawa kinaelekea darini. Na mimi nilianza kusikia anachosema. Matoazi yale ya ngoma, yanayochemka nyuma ya wimbo, yalikuwa yamepotea. Waimbaji walikuwa kama wanaimba kupitia blanketi. Nikaanza kuitazama ile mashine kwa huzuni, jinsi unavyomtazama mzee wa nyumbani anayeanza kusahau majina.

Mke wangu, yeye alikuwa na yake. Ni muuguzi mstaafu, mzaliwa wa hapa hapa Rwanda, na huwa hasemi jambo mara mbili kwa sauti ile ile.

"Majirani wameshazijua nyimbo zenu zote," akasema siku moja. "Mama wa nyumba ya juu amenisalimia leo kwa kuniimbia."

"Ni mashine inakufa, mama. Bila kupandisha haisikiki."

"Mimi nikiwa jikoni naisikia vizuri sana."

"Jikoni kuna mwangwi," nikamjibu.

Akanitazama. "Haya. Basi nunua kingine. Siku hizi ni vidogo, vinakaa hata juu ya rafu, na hapo nitapata mahali pa kuweka maua."

Nikaenda Remera kuangalia. Kweli, muuza duka alinionyesha kimoja kidogo kama Biblia, hakina mishale, hakipati joto, kinapokea muziki kutoka kwenye simu bila waya hata mmoja. Kikapiga kelele nzuri tu. Nilikipenda na nilikichukia saa hiyo hiyo. Nilimwuliza muuzaji kitadumu miaka mingapi, akacheka kwa adabu.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeamua, halafu nikakaa mbele ya ng'ombe na uamuzi wote ukaniishia. Sikuwa naililia mashine. Nilikuwa naogopa Jumapili. Kama ng'ombe hayupo, mtu anakuja kutazama nini? Ninamjua rafiki yangu, hawezi kuja kwa mtu kukaa bure. Atakuja mara mbili tatu kwa heshima, ataangalia kile kibiblia juu ya rafu, atakunywa chai, halafu ataanza kuwa na udhuru. Na Jumapili ndiyo siku pekee anayokaa na mtu. Siku nyingine zote anakaa na televisheni.

"Mpime kwanza ng'ombe wako," mke wangu akasema aliponiona nimeduwaa pale. "Unataka kumzika kabla hajapimwa?"

Kuna fundi mmoja Remera, Mkongomani, anayetengeneza vyombo vya studio. Mke wangu akashika upande mmoja, mimi mwingine, tukamteremsha ng'ombe ngazi kwa ngazi mpaka kwenye teksi, huku yeye akinihesabia hatua kama tunabeba mgonjwa. Fundi akakaa naye siku tatu. Nilipokwenda kuchukua majibu nilimkuta ameifungua, inang'aa ndani, vumbi lote limefutwa.

"Papa, iyi mashini iko muzima," akasema. "Nilibadirisha kapasita mbili tu, zilikuwa zimechoka. Lakini nguvu yake iko yote. Nani alikuambia iko na shida?"

"Mimi nakuambia. Na rafiki yangu, ambaye wewe hujazaliwa yeye anajua sauti."

"Njoo usikie." Akaiunganisha na spika zake, akaweka wimbo, akainua kidole. "Hayo matoazi. Unasikia vile yanalia?"

Nilitega sikio. Nikasikia ngoma, nikasikia besi, nikasikia pikipiki za barabarani. Matoazi, hapana. Nikahamaki. Nikamwambia kama anataka kunibembeleza kwa sababu nina mvi, amekosea mtu, na pengine vifaa vyake vya kupimia ndivyo vibovu. Hakukasirika. Alifunga skrubu zake taratibu, akanisaidia kubeba, akasema, "Sawa, papa." Ile sawa yake iliniudhi mpaka nikafika nyumbani.

Jumapili rafiki yangu akaja, akagonga vidole viwili, akakaa, akasikiliza. Nilimtazama usoni wakati wote.

"Bado," akasema kwa upole. "Pandisha kidogo."

Basi, nikaona yamekwisha. Fundi ameshindwa, mwenye sikio amesema, na masikio yangu mwenyewe yamekubali. Ng'ombe lazima aondoke. Kilichobaki ni kwenda kumwambia mwenyewe, kwake, kwa heshima. Nikamwambia mke wangu kwamba Jumamosi nakwenda.

"Utakwenda mikono mitupu?"

"Nakwenda kutoa habari, siendi kuposa."

"Hivi wewe," akasema, akaweka kisu chini, "ulishawahi kumkurira ubwatsi?"

"Kumfanyia nini?"

Alicheka mpaka akakaa. Kumbe ukipewa ng'ombe kuna siku unakwenda kwa aliyekupa, umebeba pombe, unakaa naye mnakunywa, unamshukuru. Ndiyo gukura ubwatsi. Bila hiyo umechukua ng'ombe wa mtu ukaenda zako. Mimi nilishukuru palepale harusini, nikapeana naye mkono, nikadhani shughuli imeisha. Kwetu Karagwe ng'ombe tuliwasikia kwenye masimulizi ya baba tu, ng'ombe walioachwa huku wakati wa kukimbia. Nani angenifundisha?

"Miaka ishirini na mitano!" nikasema. "Na wewe umekaa kimya?"

"Nilidhani mlishamalizana huko wanaume. Kumbe mwanaume wangu amekamua bure."

Niliona aibu ya kweli. Huyu mtu alinipa kitu pekee cha thamani alichokuwa nacho, akaja kukitazama mara elfu na zaidi, akala chakula changu, akabeba watoto wangu, na hakuna hata siku moja aliyosema hujanishukuru. Na sasa mimi nilikuwa najiandaa kwenda kumwambia kwamba namwondoa ng'ombe.

Jumamosi hiyo ilikuwa ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi. Tulisafisha mfereji wa mtaani asubuhi, nikarudi, nikaoga, nikavaa koti. Nikapakia kwenye teksi kreti la bia na dumu la urwagwa, ile pombe ya ndizi, maana mke wangu alisema bia peke yake itaonekana ya kukurupuka. Njiani kuelekea Masoro, ambako rafiki yangu alijenga mbele kidogo ya viwanda, nikafanya mazoezi ya hotuba. Kwanza shukrani. Halafu uzee wa ng'ombe. Halafu ombi: niruhusu nimpumzishe, na Jumapili uje vilevile.

Teksi ilipogeuka kwenye barabara yake ya vumbi nikasikia taarifa ya habari. Nilidhani kuna mkutano wa hadhara. Dereva akanitazama kwenye kioo. Kadiri tulivyokaribia ndivyo msomaji wa habari alivyozidi kufoka, na mwisho nikaona sauti inatoka nyumbani kwa rafiki yangu.

Nikapiga hodi getini. Kimya. Nikapiga tena, nikagonga bati kwa jiwe. Nikasukuma geti, likafunguka, nikavuka uwanja nikiita jina lake, nikafika mlangoni. Alikuwa amekaa, amenipa mgongo, rimoti iko pajani. Nikapiga hodi mlangoni pale pale, hatua nne kutoka kwake. Hakugeuka.

Nikamgusa bega. Aliruka, akaniona, akashika rimoti na kuizima ile televisheni kwa haraka, kama mtu aliyekutwa anadokoa nyama jikoni.

"Hii rimoti," akasema. "Betri zake iko mbaya. Inapandisha yenyewe."

Hapo ndipo nikaelewa yote. Fundi alikuwa sahihi. Ng'ombe alikuwa mzima. Aliyepungukiwa ni rafiki yangu, tena katika kitu kile kile ambacho watu walimwitia kwenye harusi zao. Nilimwonea huruma. Nikatoka nje, nikajifanya namwelekeza dereva jinsi ya kubeba kreti, mpaka uso wangu ukakaa sawa.

Alipoona pombe zinaingia alisimama. Akatazama kreti, akatazama dumu, akanitazama mimi na koti langu.

"Usiniambie," akasema.

"Nimekuja kukushukuru kwa ng'ombe uliyenipa."

"Eh, banange!" Akashika kichwa kwa mikono yote miwili. "Miaka ishirini na tano! Mimi nilikuwa nasema, hii Mtanzania itakunywa maziwa mpaka ng'ombe ifie mikononi yake, na haijui. Marehemu mama watoto alikuwa ananiambia, mwambie. Mimi nasema hapana, niache nione itachukua miaka ngapi!"

Alicheka, na machozi yakamtoka, na sijui kama yote yalikuwa ya kicheko. Tukakaa. Akanimiminia, nikammiminia. Nilimshukuru kwa maneno marefu kuliko niliyoyaandaa, kwa Kiswahili na kwa Kinyarwanda changu kibovu, na safari hii hakunisahihisha hata neno moja. Kisha akaweka glasi yake chini.

"Sasa sema," akasema. "Mtu hawezi kukumbuka ghafla. Ng'ombe imekufa?"

Nilikuwa na maneno mawili mdomoni na yote yalikuwa mabaya. Nikisema ng'ombe amechoka, nitamwondoa ng'ombe mzima na kumzika na kosa lisilo lake. Nikisema ng'ombe mzima, nitakuwa nimemwambia rafiki yangu mgonjwa ni nani. Nikachagua la tatu.

"Ng'ombe ni mzima," nikasema. "Fundi amempima. Mgonjwa ni mimi. Masikio yangu yamekufa. Mke wangu anataka nikapimwe, nami naogopa kwenda peke yangu. Nisindikize."

Akasogeza kiti chake karibu.

"Masikio yako?"

"Yangu."

"Pole sana, ndugu yangu." Akageuza glasi mkononi. "Nitakusindikiza. Na nikifika, na mimi wanipime tu. Usione haya peke yako."

Nilirudi nyumbani nimefurahi na akili yangu. Nikamweleza mke wangu jinsi nilivyomwokoa mtu na aibu, akanisikiliza, akasema tu kwamba ni vizuri tunakwenda wote wawili.

Tukaenda katikati ya wiki. Kwa kuwa mimi ndiye mgonjwa wa kujifanya, nikaingia wa kwanza. Mtaalamu, binti mpole, alinikalisha kwenye kijumba kilichozibwa sauti, akanivisha vile vya kusikilizia, akanipa kitufe. Akasema nitasikia milio midogo, na kila nikisikia nibonyeze. Akafunga mlango. Nikakaa. Nikasikia milio michache mizito, nikabonyeza kwa madaha, nikiwaza rafiki yangu atakavyopata shida humu ndani. Kisha kukawa kimya. Nikasubiri. Nikahesabu matundu ya ukuta. Nikasubiri tena mpaka nikaanza kukasirika, maana watu wana kazi zao. Mlango ukafunguliwa.

"Tunaendelea lini?" nikauliza.

"Tumemaliza, mzee," akasema yule binti.

Alinionyesha karatasi. Mstari wangu ulianza vizuri, halafu ukateremka kama barabara ya kushukia bondeni. Milio mizito naisikia. Ile myembamba, na matoazi, na miluzi ya ndege, na kila kitu kinachochemka juu ya wimbo, sikuwa navisikia, na kwa maelezo yake hali hiyo haikuanza jana. Alisema ni umri, ni wa kawaida, na kuna vifaa vidogo vya kusaidia. Nilitingisha kichwa kama mtu anayeelewa. Nilikuwa nawaza yule fundi wa Remera na ile sawa yake.

Rafiki yangu akaingia, akatoka. Wake pia ulikuwa umeteremka, lakini wangu uliteremka zaidi. Tulikaa kwenye benchi la nje, kila mmoja na karatasi yake.

"Nilikudanganya," nikamwambia. "Sikujua ni mimi. Nilisema vile kwa ajili yako. Nilisikia televisheni yako kutoka barabarani."

"Najua," akasema. "Hotuba ya mtu mwongo naijua." Akakunja karatasi yake mara mbili. "Mimi najua masikio yangu tangu zamani. Ni mimi nilikuwa nasingizia ng'ombe. Niliona nikisema ukweli, utasema, sasa huyu kiziwi anakuja kwangu kufanya nini kila Jumapili? Na Jumapili nitakwenda wapi?"

Mwaka mzima mimi nilikuwa naogopa kumwondoa ng'ombe ili yeye asiache kuja, na yeye alikuwa anamtukana ng'ombe ili nisimwambie asije. Nilimwambia yeye ni mpumbavu. Akasema tuko wawili, na kwamba daktari ameandika kabisa nani amezidi. Tulicheka pale mpaka yule binti akachungulia.

Nyumbani mke wangu alisoma karatasi yangu akiwa amesimama.

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Nimekwambia mara tatu mwaka huu."

"Sikukusikia."

"Ndiyo hivyo," akasema, akaenda kuchemsha chai.

Vifaa vyetu vya masikio vilikuja pamoja. Ni vidogo, vinakaa nyuma ya sikio, na siku ya kwanza nilishtuka kusikia viatu vyangu vinalia. Jumapili rafiki yangu alifika na vyake, amenyoa vizuri ili vionekane, hana hata aibu. Akagonga vidole viwili juu ya mashine.

"Iko salama?"

"Iko salama," nikasema.

Nikakirudisha kitasa kilipokuwa miaka ile, kimeelekea dirishani. Mishale ikaanza kucheza. Na matoazi yale! Yalikuwepo. Yalikuwa yanachemka pale pale yalipokuwa siku zote, ng'ombe hakuwahi kuyazuia hata siku moja. Nikasikia vidole vya mpiga gitaa vikiteleza kwenye nyuzi, na nikarudi chumbani kwetu Remera, nimenuna. Mke wangu alisimama mlangoni na taulo lake mkononi, akasikiliza kidogo, akasema hata maua anaweza kuyaweka dirishani.

Halafu wimbo ukakolea, na nikasikia kitu kingine. Nilidhani ni waya. Nikatega sikio. Kilikuwa kinatoka kulia kwangu, kidogo, chini kwa chini, pembeni kabisa ya wimbo. Nikageuka. Alikuwa amefumba macho na midomo inacheza. Hakuwahi kuacha kuimba. Miaka yote ile alikuwa anaimba kando yangu, nami namshukuru Mungu kwa kimya kilichokuwa changu mwenyewe.

Wimbo ulipoisha akafumbua macho, akaniona ninavyomtazama.

"Nini? Ipandishwe?"

"Hapana," nikamwambia. "Wewe endelea kuimba."